Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Istilahi Moja ya Tamthilia

Mwalimu mmoja wa fasihi, afundishaye katika shule ya sekondari kando ya Ziwa Tanganyika, alipata kunieleza shida iliyomkuta alipokuwa akitayarisha na wanafunzi wake sehemu ya tamthilia ya Kinjeketile. Katika maelezo aliyokuwa nayo juu ya mbinu za tamthilia ya kisasa palikuwa na sentensi iliyosema kwamba mwigizaji sharti "ajitenge" na mhusika wake, na kwamba hadhira nayo sharti "itengwe" na mchezo. Wanafunzi waliitii sentensi hiyo kwa uaminifu. Walisimama mbalimbali, wakatamka maneno yao kwa sauti iliyopooza, isiyo na furaha wala uchungu, wakakwepa hata kutazamana. Watu waliokuja kutazama waliondoka mmoja mmoja kabla ya mwisho. Mwalimu aliniuliza: kosa lilikuwa la nani? La mtunzi, la wanafunzi, au la mbinu yenyewe?

Nilimjibu kwamba kosa halikuwa la yeyote kati ya hao. Lilikuwa la neno. Wanafunzi wale walifanya barabara kile ambacho neno "kutenga" linamwagiza Mswahili kufanya. Kutengwa, katika jamii zetu, ni adhabu: aliyetengwa haalikwi arusini, haazimwi moto, wala hajuliwi hali. Asiyeelezwa vingine hawezi kubuni kwamba neno hilo, likiingia katika vitabu vya tamthilia, linakusudiwa kumkaribisha mtazamaji afikiri.

Makala hii ina madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza kwa ufupi historia ya mbinu hiyo, jinsi ilivyotokea Ulaya, jinsi Wahindi walivyoipokea, na jinsi ilivyotumika katika tamthilia ya Kiswahili. La pili ni kupendekeza neno lifaalo, na kutoa sababu za pendekezo hilo ili wasomaji wazipime.

Ugonjwa na dawa

Mtu anayetajwa kwanza katika habari hii ni Bertolt Brecht, mtunzi na mwongozaji wa michezo wa Kijerumani aliyeishi kati ya 1898 na 1956. Mwaka 1935, akiwa uhamishoni, alizuru Moscow na huko akamwona mwigizaji mashuhuri wa Kichina, Mei Lanfang. Brecht alivutiwa na jambo moja: mwigizaji yule hakujifanya kuwa hajui kwamba anatazamwa. Alionyesha huzuni ya mhusika, na papo hapo akaonyesha kwamba yeye ndiye aionyeshaye. Baada ya safari hiyo Brecht alianza kutumia neno la Kijerumani Verfremdung, na miaka iliyofuata akalifanya kuwa nguzo ya nadharia yake.

Neno hilo limejengwa juu ya mzizi fremd, ambao maana yake ni "-geni". Verfremdung, basi, ni kitendo cha kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni, ili kitazamwe upya na kuulizwa maswali. Lakini Kijerumani kina neno jingine lililozaliwa na mzizi huohuo, nalo ni Entfremdung. Hili ni neno ambalo Karl Marx alilitumia katika miswada yake ya 1844, iliyochapishwa mwaka 1932, kueleza hali ya mfanyakazi ambaye kazi yake na matunda ya kazi hiyo vimeondoka mikononi mwake na kurudi kumtawala. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, lakini kazi zao zinapingana. Entfremdung ni ugonjwa. Verfremdung ni dawa. La kwanza lataja namna mtu anavyopotezwa asijione. La pili lataja namna anavyosaidiwa kujiona.

Kwa bahati mbaya wafasiri wengi wa Kiingereza, akiwamo John Willett ambaye mkusanyo wake wa maandishi ya Brecht ulitoka mwaka 1964 na kusomwa kila mahali, walitumia neno moja, "alienation", kwa dhana zote mbili. Wafaransa nao walichagua neno lenye maana ya kuweka umbali. Wasomi wa Afrika Mashariki waliipokea nadharia hii kwa kiasi kikubwa kupitia Kiingereza, na hivyo wakaupokea pamoja nayo mkanganyiko ambao haumo katika lugha ya asili. Walipotafuta Kiswahili chake, waliokota maneno yaliyokuwa karibu: utengano, kujitenga, ukengeushi. Yote haya ni majina ya ugonjwa. Hakuna hata moja lililo jina la dawa.

Hapa pana funzo kwa kila mwenye kuunda istilahi. Anayefasiri kutoka katika tafsiri hurithi deni la mfasiri aliyemtangulia. Inampasa, kila awezapo, arudi kwenye kisima chenyewe.

Mfano wa Ujiji

Brecht alipenda kuieleza mbinu yake kwa mifano ya maisha. Alitaja habari ya Galileo, ambaye aliitazama taa iliyokuwa ikining'inia na kuyumbayumba kana kwamba hakuutarajia mwendo ule, na kwa kuushangaa ndipo akatambua kanuni zake. Alitaja pia mtu aliyeshuhudia ajali barabarani, anayewaonyesha waliochelewa jinsi dereva alivyofanya na jinsi aliyegongwa alivyotembea. Shahidi huyu haigizi ili watu wamdhanie kuwa ndiye dereva. Anaonyesha kiasi kinachotosha ili wasikilizaji waweze kuamua nani alikosa.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani mji wa Ujiji unao mmoja ulio mashuhuri duniani kote. Kila mtoto wa shule ameisoma sentensi isemayo kwamba mwaka 1871 Stanley alimpata Livingstone Ujiji. Mnara wa kumbukumbu upo, na miembe inayosemwa kuwa imetokana na ule wa zamani ipo. Sentensi imezoeleka kiasi kwamba hakuna aiulizaye neno.

Sasa na tuifanye ngeni. Stanley alimpata Livingstone: je, nani alikuwa amempoteza? Livingstone alifika Ujiji kwa mara ya kwanza mwaka 1869, akaenda Manyema ng'ambo ya ziwa, na mwaka 1871 akarudi Ujiji akiwa mgonjwa na mhitaji, akakuta kwamba mali aliyopelekewa kutoka pwani imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mambo hayo yote yalifanyika mbele ya macho ya watu. Wenye vibanda sokoni walimjua. Majirani waliujua mlango wake. Hata siku ile msafara wa Stanley ulipoingia mjini, waliotangulia kumlaki na kumwonyesha njia ni Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, ambao hawakuwa na shaka hata kidogo juu ya mahali alipo bwana wao. Aliyekuwa amepotea alikuwa amepotea kwa wasomaji wa magazeti ya New York na London. Kwa watu wa Ujiji alikuwa mgeni aliyekaa mtaani, tena mgeni mwenye shida.

Au tutazame kitenzi kingine, "kugundua". Vitabu vingi vimesema kwamba Burton na Speke waligundua Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Mvuvi wa dagaa na migebuka, ambaye babu zake walilivua ziwa hilo usiku kwa usiku, akiisikia sentensi hiyo kwa masikio mapya atauliza: lilikuwa limefichwa wapi? Swali hilo dogo halihitaji hotuba. Linatosha kuionyesha sentensi nzima kuwa imetungwa na mtu, mahali fulani, kwa faida ya watu fulani, na kwamba ingeweza kutungwa vingine.

Tufikiri sasa kwamba habari hii inaonyeshwa jukwaani. Njia moja ni kumvika mwigizaji mavazi kamili ya Stanley, kumpaka rangi usoni, na kutaka watazamaji wasahau kwamba ni kijana wa Mwanga au Kigoma mjini. Njia ya pili ni msimulizi kusimama na kofia mkononi, kusema wazi kwamba sasa ataonyesha jinsi Bwana Stanley alivyoivua, kuionyesha heshima ile ya kizungu kwa utulivu na ustadi wote, kisha kumpa mwenzake kofia na kuwa Susi, akitazama yale yale kutoka upande wa pili. Katika njia ya pili hakuna kilichopoozwa. Watazamaji watacheka, na pengine watahuzunika. Lakini wakati wote watakuwa wakimwona mtu wa Ujiji akimwonyesha Stanley, na si Stanley peke yake. Hiyo ndiyo Verfremdung.

Wahindi na mali yao wenyewe

Yafaa tutazame wenzetu wa Uhindi, kwa kuwa nao walikuwa na historia ya kutawaliwa, walikuwa na tamthilia ya mjini iliyoiga mtindo wa Kiingereza, na walikuwa na sanaa nyingi za vijijini zilizodharauliwa na wasomi.

Habib Tanvir alikuwa Berlin mwaka 1956, mwaka uleule aliofariki Brecht, akatazama michezo ya kundi lake. Aliporudi nyumbani hakuleta nakala ya jukwaa la Berlin. Alikwenda kwa waigizaji wa vijijini wa eneo la Chhattisgarh, akafanya kazi nao katika kundi aliloliita Naya Theatre, na mchezo wao wa Charandas Chor wa mwaka 1975 ulichezwa kwa lugha na nyimbo za watu hao. Humo mwizi aliyeweka nadhiri ya kusema kweli anakuwa mwaminifu kuliko wakubwa wanaomhukumu, na nyimbo hukatiza kisa ili watazamaji wapime jambo hilo.

Girish Karnad, katika Hayavadana aliyoitunga kwa Kikannada na kuitoa mwaka 1971, alitumia msimulizi, vinyago na mapazia ya sanaa za jadi kuuliza ni nini kinachomfanya mtu awe yeye: kichwa chake au mwili wake. Vijay Tendulkar naye, katika Ghashiram Kotwal ya mwaka 1972 kwa Kimarathi, aliwapanga waimbaji wakawa ukuta hai jukwaani. Ukuta ule ulipogeuka na kufunguka, watazamaji waliona jinsi mtawala anavyomtengeneza katili kisha akamtupa. Mchezo huo ulizusha ubishi mkali, kwani watu walimwona Nana Phadnavis, kiongozi wa kihistoria waliyemzoea kwa sifa, akiwa ameondolewa joho la sifa hizo.

Wahindi waligundua jambo ambalo nasi linatuhusu, yaani kwamba zana walikuwa nazo tangu zamani. Msimulizi anayefungua mchezo na kuzungumza na watu, mwigizaji anayejitambulisha kabla ya kuanza, wimbo unaokatiza tendo, mavazi yanayobadilishwa mbele ya macho: yote hayo yalikuwamo katika sanaa zao kabla Brecht hajazaliwa.

Lakini waligundua na jambo la pili, lililo chungu zaidi. Zana si kazi. Serikali na vyuo vya sanaa vilipoanza kuzitukuza sanaa za jadi, na hasa baada ya mpango rasmi wa mwaka 1984 wa kuwasaidia waongozaji vijana watumie mbinu hizo, ilitokea mara nyingi kwamba vinyago na ngoma vikawa mapambo. Watazamaji walifurahi, wakasifu utamaduni wao, wakaenda nyumbani bila swali. Kitu cha zamani kilikuwa kimeletwa jukwaani, lakini hakuna kilichokuwa kimefanywa kigeni.

Jukwaa la Kiswahili

Nasi pia zana hizi tunazo. Mtambaji wa hadithi huanza kwa kuitikiwa, hukatiza kisa kwa wimbo, humwiga fisi kwa sauti na mabega, kisha hurudi kuwa bibi yetu na kutuuliza tungefanyaje. Hata kitenzi chetu, "kuigiza", kimetokana na "kuiga". Hakidai kwamba mwigizaji anageuka kuwa kile anachokiiga. Katika ngoma ya beni, iliyoanza pwani miaka ya 1890 na kuenea bara kwa kufuata njia za askari, wapagazi na makarani, watu walivaa sare na kujipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme vya Ulaya. Aliyekuwa mfalme jioni ile alijulikana kuwa ni fulani wa mtaa fulani, na pale penye pengo kati ya fulani na cheo chake, utawala wenyewe uliweza kuonekana kama vazi linalovaliwa na kuvuliwa.

Lakini onyo la Wahindi litukumbushe tusijisifu mapema. Si kila ngoma inayofanya jambo kuwa geni. Ngoma ya pepo yakusudia kinyume chake, yaani kumchukua mtu mzima-mzima. Na ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambazo zilisomwa shuleni nchi nzima, huzungumza na hadhira moja kwa moja. Hata hivyo, nyingi hazikuacha nafasi ya swali, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya ubeti wa kwanza. Kumkabili mtazamaji si lazima kuwe kumfikirisha.

Mtunzi aliyelijua jambo hili vizuri kuliko wengi ni Ebrahim Hussein. Ni kweli kwamba alisoma Ujerumani Mashariki, na kwamba tasnifu yake ya udaktari juu ya maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki aliimaliza katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, mwaka 1975. Lakini Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Haifai basi kusema kwamba alikwenda kuchukua mbinu Berlin akaja nazo.

Tuitazame tamthilia hiyo. Kila Mtanzania anajua mwisho wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907: maji hayakuzuia risasi. Mtunzi hafichi jambo hilo, wala hajengi mchezo wake juu ya shauku ya kujua nani atashinda. Katika utangulizi wake anatenganisha Kinjeketile wa historia na Kinjeketile wa sanaa, na hivyo anatuonya mapema tusikae kama watu wanaotazamishwa mambo yaliyopita. Tukiwa tumekwisha kujua mwisho, tunabaki huru kuuliza swali gumu zaidi: neno lisilo kweli liliwezaje kuwaunganisha watu waliokuwa wametengana, na umoja uliojengwa juu ya neno hilo una thamani gani?

Kisha linatokea jambo ambalo ndilo moyo wa makala hii. Katika hali ya kupandwa, Kinjeketile anatamka habari ya kuwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar. Anaporudiwa na akili zake na kuambiwa alichosema, anaogopa. Neno lililotoka kinywani mwake si lake. Watu wamelichukua, limekuwa na nguvu zake lenyewe, na sasa linamwamuru yeye. Mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kulikana, ijapokuwa anajua halikuwa kweli, kwa sababu anafikiri juu ya watoto watakaoambiwa kwamba baba zao walipigana kwa ajili ya uongo.

Mhakiki anayetaka kuieleza hali hii anahitaji maneno mawili, si moja. Lile linalompata Kinjeketile, yaani kazi ya kinywa chake kumwacha na kumtawala, ni Entfremdung, na kwa hilo neno "ukengeushi", ambalo wahakiki wetu wamekwisha kulizoea, lafaa. Lile linaloipata hadhira, yaani kuliona neno takatifu kana kwamba halijapata kusikiwa, na kuuliza linatoka wapi na linamfaa nani, ni Verfremdung. Mhusika anapotea, mtazamaji anaamka. Tukiyaita mambo haya mawili kwa jina moja, tumeifunga tamthilia yenyewe kinywa. Mwanafunzi ataandika kwamba Kinjeketile ametengwa na hadhira imetengwa, na mwalimu hatakuwa na njia ya kumwonyesha kwamba sentensi hiyo haina maana.

Hussein aliendelea na njia hiyo. Katika Mashetani ya mwaka 1971 tunaonyeshwa kwanza Shetani na Binadamu, na baadaye tunagundua kwamba ni vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wanaoigiza. Mchezo wao ukiisha, ugonjwa unaobaki ni wa kweli. Katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka pamoja mwaka 1976, alikiacha karibu kila kitu cha jukwaa la Ulaya akabaki na msimulizi.

Penina Muhando naye, katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, aliichukua kauli tunayoitamka kila siku katika hotuba, kwamba mwanamke ni nguzo, akaigeuza kuwa nguzo hasa, iliyolala chini, ambayo wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha huku Bi Msimulizi akitueleza yanayowapata. Kauli iliyokuwa imechakaa kwa kutamkwa ghafla ina uzito, na mtazamaji anauliza kwa nini wanaoisifu hawaji kusaidia kuiinua. Huo ni ugeni uliozaliwa na Kiswahili chenyewe, kwani hauwezi kutokea katika lugha isiyokuwa na sitiari hiyo.

Uchaguzi wa neno

Tuyapime sasa maneno yaliyopo. "Utengano" na "kujitenga" yana kasoro tuliyokwisha kuiona. Tena la kwanza limekwisha kuchukua maana ya kufarakana, na wasomaji wa riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980 iitwayo Utengano hawatalisahau hilo. "Ukengeushi" linatokana na kukengeuka, yaani kuiacha njia. Tumekwisha kulipa kazi, na haifai tulipe nyingine iliyo kinyume. "Umbalishaji" lingefuata Kifaransa, lakini lamfundisha mwigizaji kurudi nyuma, na tatizo la mwalimu wetu lilikuwa hilohilo. "Uajabishaji" lina ukweli ndani yake, ila mtu huajabia hata mazingaombwe, na anayetazama mazingaombwe haulizi maswali. Anafumbua macho tu.

Ninapendekeza neno "ugenishaji", na kitenzi chake "kugenisha". Sababu ni nne. Kwanza, mzizi "-geni" ndio hasa mzizi wa neno la asili, kwa hiyo hatufasiri tafsiri. Pili, mzizi huo unaishi katika lugha nyingi za Kibantu, na utaratibu wetu wa kuunda istilahi umetutaka tutazame huko kabla ya kukopa ng'ambo. Tatu, neno lanyumbulika bila taabu: mtunzi anagenisha jambo, jambo linagenishwa, hadhira inagenishiwa, na mbinu ni za kugenisha. Nne, mgeni kwa Mswahili si mtu aliyetupwa nje. Mgeni huandaliwa, husikilizwa, na huulizwa habari za atokako.

Sababu hii ya nne ina nguvu ya pekee katika mji kama Ujiji. Huo ni mji uliojengwa na wageni: Waha wa nyanda za juu, watu wa Manyema na wa ng'ambo ya ziwa, watu wa pwani na Waarabu walioifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Katika mji wa namna hiyo mtu hujifunza mapema kwamba mgeni huona ufa ukutani ambao mwenyeji ameuzoea hadi hauoni tena. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo imeieleza nadharia nzima kwa maneno manne. Mgeni ni jicho jipya. Na anayepona ni mwenyeji.

Yapo mashaka mawili, nami sipendi kuyaficha. La kwanza ni kwamba "-geni" hukaribiana na "-a kigeni", na mtu aweza kudhani kwamba kugenisha ni kuingiza mambo ya nje. Jibu ni kwamba lugha yenyewe inazitofautisha: "jambo geni" ni jambo lisilozoeleka, nalo laweza kutokea nyumbani, "jambo la kigeni" ni la nchi nyingine. Ufafanuzi katika orodha ya istilahi uieleze tofauti hiyo waziwazi. La pili lawahusu wafasiri. Huenda wao wakalihitaji neno hilohilo kuitaja tafsiri inayohifadhi ugeni wa matini ya chanzo badala ya kuufuta. Sioni ubaya katika hilo, kwani dhana hizo zinahusiana. Panapohitajika kutofautisha, aseme mmoja "ugenishaji wa jukwaani" na mwingine "ugenishaji wa tafsiri".

Nashauri tahadhari ya namna hiyohiyo kwa istilahi iliyo jirani. Brecht aliita tamthilia yake kwa neno linalofanana na lile linalotumiwa kwa tendi. Asiitafsiri mtu kuwa "tamthilia ya kitenzi" au "ya kitendi", kwani hakukusudia mashujaa wala mizani. Alikusudia tamthilia inayosimulia. "Tamthilia ya kisimulizi" latosha.

Kwa hiyo ufafanuzi ninaoupendekeza ni huu. Ugenishaji: mbinu ya sanaa, hasa ya tamthilia, ya kulionyesha jambo lililozoeleka kwa namna inayolifanya lionekane geni, ili mtazamaji alichunguze, aulize sababu zake, na atambue kwamba lingeweza kuwa vingine.

Yule mwalimu niliyemtaja mwanzoni nilimpelekea ufafanuzi huo, pamoja na ushauri mmoja wa vitendo: awaondolee wanafunzi agizo la kujitenga, na badala yake awaambie wamwonyeshe Kinjeketile kama wanavyomwonyesha mama yao nyumbani mtu waliyemwona sokoni leo, ambaye maneno yake yamewashangaza na bado hawajaamua kama wamwamini. Aliniandikia baadaye kwamba safari hii watu walikaa hadi mwisho, na kwamba palipomalizika wazee wawili waliendelea kubishana njiani juu ya swali la kama Kinjeketile angelikana neno lake au la. Kwa maoni yangu ubishi ule wa njiani ndio sehemu ya mwisho ya tamthilia, na ndio ambao neno baya liliwanyima watu wa mara ya kwanza.